Kutoka kwenye chujio la majitaka hadi jikoni: mwongozo wa bayogesi kwa mazingira ya Dodoma

Kabla hujamwita fundi wa kujenga mtambo, nunua mizani ya kuning'iniza, ile wanayopimia mazao mnadani, ukae nayo karibu na chujio la majitaka kwa siku 30. Mara mbili nimeitwa kutazama mtambo uliokufa wa bayogesi, ile gesi ya kupikia inayotolewa na vijidudu vikiozesha taka pasipo hewa, na mara zote mbili mwenye mtambo alikuwa na mchoro mzuri na saruji ya kutosha, ila hakuwa na daftari la uzito wa taka zake. Mmoja alijenga tangi kubwa mara nne kuliko chakula alichokuwa nacho. Mwingine alilisha taka kama zilivyotoka kwenye chujio. Baada ya miezi mitano bomba la kutokea lilizibwa na msokoto wa matambara na nywele mnene kama paja la mtu. Tuliuvuta kwa ndoano na kamba, watu watatu.

Taka ninazozungumzia ni zile zinazonaswa na nondo za chujio pale majitaka yanapoingia kwenye mtambo wa kuyasafisha, kabla hayajafika kwenye mabwawa kama yale ya Swaswa, Dodoma. Ndani yake kuna karatasi za chooni, kinyesi, mabaki ya chakula, nywele, mafuta yaliyoganda na majani. Kuna pia taulo za kike, pampasi, waipu, kondomu, matambara na mifuko ya plastiki. Mifuko ya kubebea ilipigwa marufuku tangu tarehe 1 Juni 2019, lakini chujio bado halijapata taarifa. Kwa kawaida opareta huzikwangua kwa reki, huzipakia kwenye toroli na kwenda kuzifukia au kuzipeleka dampo, zikiwa zinanuka na zimejaa nzi. Mwongozo huu unamfaa anayesimamia mtambo wa majitaka wa mji, na pia chuo, hospitali au gereza lenye mabwawa yake.

Hatua ya 1: Pima

Kila chujio linaposafishwa, taka ziachwe zichuruze maji juu ya wavu kwa saa moja, kisha zipimwe. Andika tarehe, kilo, na kama mvua ilinyesha. Dodoma hupata mvua ya milimita 550 hadi 600 hivi kwa mwaka, na karibu yote huanguka kati ya Desemba na Aprili. Mvua za kwanza huingiza kwenye mabomba uchafu na mchanga uliokaa juu ya ardhi tangu Mei. Ukipima Agosti peke yake utapata picha ya nusu mwaka tu, kwa hiyo rudia hata kwa wiki mbili mvua zikianza.

Mara moja kwa wiki mwaga ndoo moja ya lita 20 juu ya turubai, uichambue kwa koleo refu za kushikia. Fungu la kwanza ni vinavyooza: karatasi, kinyesi, chakula, majani laini. La pili ni visivyooza: plastiki, waipu, pampasi, taulo za kike, matambara ya nyuzi za kiwandani. La tatu ni mchanga. Pima kila fungu. Usitumie mikono hata ukiwa na glovu, maana kwenye taka hizi nyembe na sindano si jambo la ajabu.

Kisha peleka sampuli maabara. Hukaushwa kwenye oveni ya nyuzi 105 hadi uzito usibadilike, halafu huchomwa kwenye tanuru la nyuzi 550. Kilichopotea kwenye tanuru ndicho chakula cha vijidudu. Majivu yaliyobaki hayatoi gesi. Taka za namna hii mara nyingi huwa na uzito mkavu wa asilimia 15 hadi 25, na katika huo mkavu asilimia 80 hadi 95 huungua. Tahadhari ni moja: plastiki nayo huungua, kwa hiyo sampuli ya tanuru itoke kwenye fungu la vinavyooza, la sivyo utajidanganya.

Hatua ya 2: Jaribu kwenye madumu

Jaribio hili halihitaji fedha nyingi. Tafuta madumu matatu ya lita 5, mipira myembamba ya kupitisha gesi, na lita 9 za tope kutoka mtambo wa bayogesi unaofanya kazi. Kama huna jirani mwenye mtambo, tope jeusi la chini ya bwawa la kwanza la majitaka linafaa. Tia lita 3 kwenye kila dumu. Dumu la kwanza liache hivyo hivyo. La pili ongeza gramu 100 za taka zilizochambuliwa na kukatwakatwa. La tatu ongeza gramu 100 za mavi mabichi ya ng'ombe. Funga kabisa, kila mpira uingie kwenye chupa iliyojaa maji na kupinduliwa ndani ya beseni. Gesi ikiingia, maji hushuka, nawe unasoma ujazo. Maji hayo yatie chumvi nyingi na siki kidogo ili yasimeze kabonidayoksaidi.

Yaweke madumu chumbani mahali pamoja, mbali na jua na mbali na moto, usome kila siku kwa siku 30 hadi 40. Kutoka ujazo wa dumu la pili na la tatu, toa ujazo wa dumu la kwanza, kwa sababu tope lenyewe nalo hutoa gesi. Kama gramu 100 zako za taka zimeongeza lita 5 hadi 8, uko pazuri. Zikitoa lita moja au chini yake, ama uchambuzi wako ulikuwa mbovu, ama kuna kemikali inayoua vijidudu, ama dumu linavuja. Anza kwa kushuku uvujaji.

Hatua ya 3: Hesabu, tena hesabu kwa tahadhari

Chukua mfano wa mtambo unaopokea mita za ujazo 5,000 za majitaka kwa siku. Chujio la wastani hunasa kama lita 20 za taka kwa kila mita za ujazo 1,000, ingawa hutofautiana sana kulingana na nafasi kati ya nondo. Hizo ni lita 100, tuseme kilo 90. Uzito mkavu kwa asilimia 20 ni kilo 18. Ondoa asilimia 40 ya visivyooza, unabaki na kilo 11, na zinazoungua humo ni kama kilo 10. Kila kilo ya hizo ikitoa lita 250 za methani, ile sehemu ya bayogesi inayowaka, kwa siku unapata mita za ujazo 2.5 za methani. Methani ikiwa asilimia 60 ya gesi yote, hizo ni mita 4 za bayogesi.

Mita 4 za ujazo zinalingana na kilo 6 hivi za mkaa kwenye jiko la kawaida. Majitaka ya maelfu ya watu, na gesi yake inapika chai na ugali wa zamu ya wafanyakazi! Ukisikia mtu anaahidi kuwasha mtaa kwa taka za chujio peke yake, muombe daftari lake la uzito. Faida kubwa ya kazi hii ni kwamba uchafu unaonuka na kuzaa nzi unapungua na kutulia, na safari za gari kwenda dampo zinapungua. Gesi inakuja juu ya hapo.

Ndiyo maana nashauri taka hizi zilishwe pamoja na kitu kingine. Karatasi ina kaboni nyingi na naitrojeni kidogo. Vijidudu hupenda kaboni mara 20 hadi 30 ya naitrojeni. Mavi ya ng'ombe, au majani yaliyosagika yanayotolewa tumboni mwa ng'ombe machinjioni, husawazisha, tena huleta vijidudu vipya kila siku. Na ng'ombe Dodoma si wa kutafuta kwa tochi. Kilo 100 za mavi mabichi huongeza mita nyingine 4 za gesi. Jumla inakuwa 8, ambazo zinawasha plate mbili za jiko kwa saa kumi hivi. Hapo jiko la taasisi ndogo linaanza kuonekana.

Kuna jambo moja dogo ambalo vitabu vya pwani havisemi. Dodoma iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, kwa hiyo mita moja ya ujazo ya gesi hapa ina nguvu pungufu kwa kama asilimia 10 kuliko ya Dar es Salaam. Punguza kwenye hesabu zako.

Ukubwa wa tangi sasa. Mkavu wa taka, kilo 11, na wa mavi, kilo 16, ni 27. Ukitaka uji, yaani taka na mavi yaliyokorogwa na maji, wenye mkavu wa asilimia 8, utalisha kama lita 340 kwa siku. Udongo wa Dodoma kwenye kina cha mita mbili una joto la nyuzi 23 hadi 25, na usiku wa Julai hewa hushuka hadi 13 au 14. Bila kupasha moto, uji unahitaji kukaa siku 60. Zidisha 340 kwa 60: lita 20,400, yaani mita 20 za ujazo. Ongeza mita 5 za kuhifadhia gesi ya usiku.

Vibali nitavipita haraka: ongea na NEMC mapema kuhusu tathmini ya mazingira, na OSHA kuhusu usalama wa wafanyakazi, na kama chujio si lako basi makubaliano ya maandishi na mamlaka ya maji. Usianze kuchimba ukitegemea ruhusa ya mdomo.

Hatua ya 4: Kuosha na kuchambua, kazi yenyewe ilipo

Wengi huona tangi ndiyo mtambo. Mimi naona tangi ni tumbo tu. Meno yako hapa. Ukifanya vizuri hatua hii, hata tangi la kawaida litakutunza miaka.

Mitambo mikubwa ya Ulaya huosha taka za chujio kisha hurudisha maji ya kuoshea kwenye mkondo wa majitaka, ili kinachobaki kiwe chepesi na kisinuke sana. Ukiiga hivyo umetupa gesi, kwa sababu kinyesi na karatasi laini vimeondoka na maji. Wewe fanya kinyume: maji ya kuoshea ndiyo chakula cha tangi, na kinachobaki kwenye wavu ndicho cha kutupa.

Chukua pipa la chuma la lita 200, litoboe matundu ya milimita 10 pande zote, ulilaze juu ya ekseli yenye mpini wa kuzungushia, ndani ya hodhi la saruji. Weka toroli moja ya taka, ongeza maji, zungusha kwa dakika 10 hadi 15. Karatasi zinasambaratika na kuwa kama uji, kinyesi kinayeyuka, vyote vinapita matunduni. Waipu, taulo za kike, plastiki na nywele zilizosokotana vinabaki ndani ya pipa. Maji yatoke kwenye bwawa la mwisho la majitaka. Maji ya bomba katika mji huu ni ya thamani mno kuoshea uchafu, na klorini iliyomo haiwapendezi vijidudu. Usizidishe: kwa mfano wetu lita 180 kwa siku zinatosha, na hizo hizo ndizo zinazoongezwa kwenye ule uji wa lita 340. Ukiosha kwa lita 600, tangi lako la siku 60 limegeuka la siku 30.

Kabla ya uji kuingia tangini, upitishe polepole kwenye mfereji mfupi wenye kishimo, mchanga uzame. Mchanga wa Dodoma hauishi, na kila ndoo unayoizuia hapa ni ndoo ambayo hutaichota chini ya tangi. Majani magumu na vipande vya chakula vilivyobaki pipani vinaweza kupitishwa kwenye mashine ya kukatia majani ya ng'ombe, ila tambara lisikaribie visu hivyo hata kidogo.

Uji ukae kwenye pipa lenye mfuniko usiku mmoja, usizidi siku mbili, maana ukizidi unachachuka na kuwa siki. Mabaki ya waipu na plastiki yachuruzwe, yakamuliwe chini ya ubao wenye jiwe, yaende dampo la jiji. Usiyachome. Moshi wa pampasi na plastiki ni sumu kuliko harufu unayotaka kuikimbia.

Wafanyakazi wavae buti za mpira, glovu nzito, miwani na aproni, wapate chanjo ya pepopunda, homa ya ini na homa ya matumbo, na wawe na mahali pa kuoga na kubadili nguo palepale. Mtu asile wala kuvuta sigara eneo hilo. Hapa sina mzaha: mayai ya askaris, ile minyoo mirefu ya tumboni, hayaonekani kwa macho, na yanaishi miezi mingi.

Hatua ya 5: Ujenzi

Kuba la matofali la kufukiwa ardhini, lile ambalo CAMARTEC, kituo cha zana za kilimo na teknolojia ya vijijini kilichoko Arusha, ililieneza nchini tangu miaka ya 1980, ni zuri na mafundi wake wanapatikana. Limezoea mavi ya ng'ombe, lakini. Kwa taka za chujio mwambie fundi abadilishe mambo matatu: bomba la kuingilia na la kutokea yawe na kipenyo cha milimita 200 au zaidi, yanyooke bila kona, juu ya kuba pawe na mlango unaofunguka wa kutosha reki na pampu, na pawe na njia ya kukoroga, kwa sababu karatasi na mafuta hupenda kuelea na kufanya ukoko mgumu juu.

Chagua eneo la udongo mwekundu wa kichanga. Kama ni udongo wa mbuga, ule mweusi unaopasuka kiangazi na kuvimba masika, acha. Udongo huo utapasua kuba lolote. Tangi lifukiwe lote ili baridi ya Juni hadi Agosti isiliguse. Plasta ya ndani sehemu ya gesi ipigwe tabaka kadhaa na kupakwa nta au rangi maalumu, kisha jaribu: jaza maji, pampu hewa, acha saa 24, uangalie kipimo cha maji cha mpira wa umbo la U. Kikishuka, tafuta kwa povu la sabuni. Usimlipe fundi fungu la mwisho kabla ya jaribio hili.

Hatua ya 6: Kuuwasha mtambo

Jaza tangi mavi mabichi na maji, nusu kwa nusu, na tope la mtambo mwingine kadiri unavyopata. Subiri. Gesi ya mwanzo haiwaki, ni hewa na kabonidayoksaidi. Itoe nje mbali na moto. Baada ya wiki mbili hadi nne itawaka kwa mwali wa bluu. Hapo ndipo unaanza kuleta uji wa chujio, na unauleta kwa adabu: wiki ya kwanza sehemu moja ya kumi ya kipimo kamili, ukiongeza kila wiki, hadi wiki ya nane au ya kumi ufike kipimo chote.

Kila siku lisha saa ileile, koroga dakika 10 asubuhi na jioni, andika kiasi ulicholisha na gesi uliyotumia. Pima asidi kwa karatasi za pH mara mbili kwa wiki. Kati ya 6.8 na 7.6 ni afya. Mwali ukianza kuruka na kuzimika, tope likinuka siki, na pH ikishuka chini ya 6.6, acha kulisha. Usiongeze kitu chochote ila chokaa kidogo iliyokorogwa na maji, ndoo kwa ndoo, ukipima. Watu huharibu hapa kwa haraka: gesi imepungua, wanaongeza chakula. Mgonjwa wa tumbo haongezewi pilau.

Gesi yenyewe

Bayogesi ya majitaka huwa na haidrojeni salfaidi, gesi ya yai viza. Inakula chuma cha majiko, na inaua. Kwa kiasi kidogo unaisikia puani. Ikizidi, pua hufa ganzi na huisikii tena, ukadhani imeondoka. Hakuna mtu kuingia ndani ya tangi au shimo la tope, hata kuchukua koleo lililoanguka, hata kumwokoa mwenzake, bila vifaa vya kupumulia na watu wa kamba waliofunzwa. Methani nayo hulipuka ikiwa kati ya asilimia 5 na 15 ya hewa, kwa hiyo weka mtambo mbali na majengo na jiko mahali penye madirisha.

Kuisafisha, pitisha gesi kwenye bomba lililojaa nyuzi za chuma za kusugulia sufuria, zikiwa zimeshika kutu na zina unyevu. Zikigeuka nyeusi, zitoe, zitandaze nje kwenye saruji na kuzinyunyizia maji, kwa sababu zikikutana na hewa hupata moto, na zimewahi kunishangaza kwa kufuka moshi. Bomba la gesi lielekee chini kwa mteremko hadi kwenye koki ya kumwagia maji. Usipoiweka, maji yataziba gesi katikati ya mapishi.

Jenereta? Mita moja ya ujazo hutoa kama uniti moja na nusu ya umeme kwenye injini ndogo. Kwa mita 8, pika.

Tope linalotoka

Joto la nyuzi 24 haliui mayai ya minyoo, kwa hiyo tope hili haliendi kwenye bustani ya mchicha wala kwenye zabibu zenye vichala vinavyoning'inia karibu na ardhi. Litandaze kwenye vitanda vya mchanga na kokoto. Kuanzia Mei hadi Novemba jua la Dodoma linalikausha haraka. Majimaji yanayochuruzika yarudi mabwawani. Tope kavu lihifadhiwe chini ya paa kwa zaidi ya mwaka mmoja, ukiandika kwenye kibao tarehe ya kila rundo, na usichanganye rundo jipya na la zamani. Shirika la Afya Duniani linataka yai la mnyoo lisizidi moja kwa gramu ya tope kavu. Maabara ipime kabla hujaligusa shamba. Kama majitaka yako yanapokea karakana au viwanda, pima na metali nzito. Likipita vipimo, lipeleke kwenye mashimo ya miti ya kivuli na ya kuni, ulifukie kwa udongo.

Mwaka wa pili, kabla mvua za Desemba hazijaanza, fungua mlango wa juu baada ya kutoa gesi yote na kuacha hewa ipite, ingiza fito ndefu kutoka nje upime mchanga umefika wapi chini. Ukizidi nusu mita, ita gari la kunyonya majitaka.